Hivi Poland ilihamaje na ardhi yake?

Mpenda Ramani: Wakuu naombeni msaada. Nina ramani mbili za Poland, ya 1938 na ya 1946, nimezipandanisha nikabaki nashangaa, nchi imesogezwa magharibi kama kabati! Mji wa Lwów ulikuwa ndani sasa uko nje, Breslau ya Wajerumani imekuwa Wrocław. Nani kachora hii kitu, na Wapoland wenyewe walikuwa wapi?

Mzee wa Atlasi: Mkuu, huo mpaka wa mashariki ni mstari wa Curzon, waziri wa mambo ya nje wa Uingereza. Julai 1920 Poland na Wasovieti wanapigana, akawapelekea Moscow ujumbe wasimame hapo, wakagoma, wakaenda kupigwa Warszawa, na mkataba wa Riga 1921 ukasukuma mpaka mbali huko mashariki. Mstari ukalala kwenye makabrasha miaka kibao mpaka Stalin alipoufufua, maana unakaribiana sana na ule aliogawana na Hitler 1939, ila huu una jina la Mwingereza, sasa Churchill angeukataaje? Na Lwów, mstari huo ulikuwa na toleo A na B, la B lingeuacha mji Poland. Stalin akashika la A.

Kijiti: Umeruka utamu wa mkutano wa wakubwa watatu, Churchill, Roosevelt na Stalin, kule Tehran 1943 😂 Usiku baada ya chakula Churchill katoa njiti tatu za kiberiti, anamwonyesha Stalin Poland itakavyosogea. Njiti! Halafu Roosevelt akamnong'oneza Stalin kwamba sawa ila asitajwe, uchaguzi wa 1944 unakuja na Wamarekani wenye asili ya Poland ni mamilioni ya kura. Waziri mkuu wa Poland wa uhamishoni, Mikołajczyk, hana habari, anakuja kuambiwa na Molotov, waziri wa nje wa Stalin, huko Moscow Oktoba 1944, Churchill kakaa palepale.

Mpenda Ramani: Duh. Kwa hiyo ule mkutano wao wa Yalta ilikuwa kugonga muhuri tu?

Mzee wa Atlasi: Mashariki ndiyo, Februari 1945, Wapoland wakamegewa kilomita 5 mpaka 8 hapa na pale. Magharibi ndo walivutana, si unajua kuna mito miwili inaitwa Neisse, Stalin anataka wa magharibi ili Poland ipate Breslau yote. Kwenye mkutano wa Potsdam wakasema Poland iitawale hiyo ardhi kwanza, mpaka rasmi utasubiri mkataba wa amani. Wakasubiri weee, Ujerumani iliyoungana ikaja kusaini Novemba 1990.