Corolla ya marehemu baba inamisi alfajiri, jua likipanda inatulia

BintiSahare:

Assalaam aleikum jamani, na habari za kutwa.

Nina Toyota Corolla AE100 ya 1994, injini 5A-FE, ile yenye distributa (kigawa umeme wa plagi) na waya nne za plagi. Aliniachia marehemu baba. Kila Jumanne na Ijumaa natoka hapa Sahare, Tanga, kabla ya alfajiri kwenda Muheza kuchukua machungwa, kwa hiyo gari hili ndilo linalotulisha mimi, mama na wadogo zangu.

Tangu masika yaanze, nikiliwasha saa kumi na moja linamisi, yaani injini inaruka pumzi. Nikiweka kiganja nyuma ya bomba la moshi nasikia pumzi zinakuja tatu halafu moja inakosekana, tatu halafu moja inakosekana. Usukani unatetemeka mpaka mikono inaniwasha. Nikifika njia ya Pongwe nikakanyaga mafuta, linavuta kwa kusitasita. Saa nne jua likiwa kali linatulia kabisa, utadhani si lile la alfajiri. Taa ya cheki injini haiwaki.

Nililipeleka gereji. Fundi alisikiliza mlio kwa dakika chache tu, akaniambia injini imekwisha, nitafute ya mtumba. Bei aliyotaja ni mtaji wangu wote wa msimu. Nilirudi nalo nyumbani nikilia. Nikanunua plagi nne mpya, nikafunga mwenyewe, likatulia siku mbili, likarudi palepale.

Nina spana, spana ya plagi na mita ya kupimia umeme ya kaka yangu. Sitaki tena kununua kifaa kwa kubahatisha. Nianze kupima wapi?

Mdau wa Chumbageni:

Pole dada. Langu lilikuwa likikwama hivyohivyo, ikawa filta ya petroli. Badilisha filta kwanza, ni bei rahisi, na jaribu kujaza mafuta kituo kingine.

Fundi Mzee Makorora:

Binti yangu, pole sana, na ulifanya vyema kutotoa mtaji wako. Injini iliyokwisha haiponi saa nne asubuhi. Pete za pistoni zikiisha au vali ikiungua, gari litamisi juani na mvuani.

Mdogo wangu wa Chumbageni amesema filta. Namheshimu, ila filta ikiziba hunyima silinda zote nne, na gari huchoka zaidi ukilikimbiza mwendo mrefu. Wewe umetuambia pumzi tatu halafu moja inakosekana. Hiyo ni silinda moja, na inakosa wakati wa unyevu. Mimi hapo nashuku umeme wa plagi kabla ya kitu kingine chochote. Sisi tunaolaza magari karibu na bahari tuna taabu ambayo mtu wa Dodoma haijui: hewa ya chumvi hutua juu ya waya na kifuniko cha distributa, na chumvi huvuta maji. Usiku ukiwa na umande, ile chumvi inakuwa njia. Umeme wa koili, kifaa kinachokuza umeme wa betri, ni volti maelfu kwa maelfu, nao hufuata njia nyepesi. Badala ya kuruka kwenye ncha ya plagi, ambako kuna mgandamizo, unatambaa nje ya waya na kuishia kwenye chuma cha injini. Ukikanyaga mafuta mgandamizo unazidi, cheche inapata kazi zaidi kuruka ndani, ndiyo maana linasita ukitaka livute.

Sasa tafuta silinda ipi. Wengi watakwambia uchomoe waya wa plagi injini ikiwa inaunguruma. Usifanye hivyo, utapigwa na umeme, na koili inaweza kuharibika. Chomoa soketi ya nozeli inayopuliza petroli, ile ndogo yenye waya mbili, moja baada ya nyingine. Ukichomoa ya silinda isiyo na ubovu, injini itazidi kuyumba. Ukichomoa ya ile mbovu, mlio haubadiliki hata kidogo. Silinda ya kwanza ni ya upande wa beliti. Fanya alfajiri, linapomisi. Ukilipima saa nne utapoteza muda wako.

Halafu usiku, gizani kabisa, fungua boneti na uwashe injini. Chukua chupa ya kunyunyizia yenye maji safi, nyunyiza ukungu kidogo tu juu ya waya na distributa, kisha simama uangalie. Nakuomba sana, binti yangu: usiinamie hapo ukiwa na kanga au mtandio unaoning'inia, mikanda ile haimwoni mtu. Na mkono usiguse waya wowote.

Baadaye, injini ikiwa imepoa na imezimwa, pima ukinzani wa waya kwa mita ncha hadi ncha. Kwa injini hizi za Toyota waya usizidi kilo-omu 25. Zitie alama kwa tepu kabla ya kuzitoa, mpangilio wa kuwaka ni 1-3-4-2, ukizichanganya utaanza kuhangaika na tatizo jipya.

Kuhusu taa: magari ya umri huu hayana mfumo wa kuhesabu misi ya kila silinda. Taa kutowaka isikufanye uamini kwamba umeme wa plagi ni mzima.

Na zile plagi ulizotoa, bado unazo? Zilikuwa na rangi gani?

BintiSahare:

Shikamoo baba. Plagi ninazo. Tatu ni za kahawia kama chai ya maziwa. Moja ni nyeusi, na ile sehemu nyeupe ya juu ilikuwa na mafuta mafuta. Nilidhani ni uchafu wa mikono yangu. Kesho alfajiri nachomoa soketi.

Mvuvi wa Deep Sea:

Dada, mimi ni wa injini za boti, ila chumvi ni ileile. Fungua kifuniko cha distributa ukiangalie ndani kwa tochi. Ukiona unga mweupe au wa kijani kwenye zile ncha za ndani, sugua kwa msasa laini sana. Ukiona mstari mweusi mwembamba umechorwa kati ya ncha na ncha, usiusugue, tupa. Huo ni mkaa, umeme umeshajichorea barabara humo, na hata ukiufuta utarudi. Na usipige injini maji ya presha pale wanapooshea magari. Nimeona boti na magari mengi yakizimika siku ya pili baada ya kuoshwa.

BintiSahare:

Nimerudi. Baba, nimepaona kwa macho yangu.

Alfajiri nilichomoa soketi ya kwanza, injini ikataka kuzima. Ya pili, vilevile. Ya tatu, kimya, mlio haukubadilika hata chembe. Ya nne ikayumba tena. Kwa hiyo ni ya tatu.

Usiku mdogo wangu alizima taa ya uani, nikafunga kanga yangu kiunoni vizuri, nikanyunyiza. Kwenye waya wa tatu, pale mpira unapoingia kwenye shimo la plagi, ukatokea uzi wa buluu, mwembamba kama wa cherehani, unaruka kutoka kwenye mpira hadi kwenye chuma. Unasikika kabisa, ta, ta, ta. Na kila unaporuka, injini inaruka pumzi. Nilisimama pale nikiutazama muda mrefu. Miezi miwili nimekuwa nikiogopa kitu ambacho sikijui.

Asubuhi nikatoa waya ule. Mpira wake umevimba na kulainika, ukiubonyeza unabonyea kama embe lililoiva kupita kiasi. Nikamulika shimoni: oili imejaa karibu nusu. Mita inaonyesha waya wa kwanza 9, wa pili 8, wa nne 11, na huu wa tatu namba zinarukaruka, mara 40, mara haionyeshi chochote. Distributa ina unga mweupe kidogo, mstari mweusi hamna.

Fundi Mzee Makorora:

Marahaba binti yangu, na hongera. Umefanya kazi ambayo gereji ilipaswa kukufanyia.

Oili hiyo inatoka juu. Chini ya tapeti kava, kile kifuniko cha juu cha injini, kuna sili za mpira zinazozunguka mashimo ya plagi. Zikikauka, oili inashuka shimoni na kuula mpira wa waya. Ndiyo maana plagi mpya zilikupa siku mbili tu: ulipozifunga ulipangusa shimo, likakauka, oili ikajaa tena. Ukifunga waya mpya bila sili, baada ya muda utarudi hapahapa.

Nunua gasketi ya tapeti kava pamoja na sili zake nne, na seti moja ya waya. Kabla ya kufungua plagi ya tatu, nyonya oili yote kwa kitambaa kilichofungwa kwenye bisibisi, la sivyo itaangukia ndani ya silinda. Plagi uifungue injini ikiwa baridi, hedi (kichwa cha injini) ni ya aluminiamu na nyuzi zake huharibika haraka. Nati za kava zikaze kidogo kidogo kwa kupishanisha, usitumie nguvu. Plagi yenyewe isafishe, ni mpya, itafaa.

BintiSahare:

Nimefunga Jumatano na kaka yangu, tukamaliza magharibi. Sili za zamani zilikuwa ngumu kama kucha, moja ilikatika mkononi. Zile ncha za distributa nilizisugua kwa msasa kama alivyosema ndugu yetu wa Deep Sea.

Ijumaa mvua ilinyesha usiku kucha. Saa kumi na moja nikatoka na mwavuli, nikaingia ndani ya gari, nikakaa kidogo kabla ya kugusa ufunguo. Likawaka mara moja. Nikashuka palepale mvuani nikaweka kiganja nyuma ya bomba. Nne, nne, nne, bila kukosa. Mama alifungua dirisha akauliza, "Ni lile la baba yako hilo linalounguruma?"

Nimekwenda Muheza na kurudi na magunia sita. Waya ule wa tatu na sili kuukuu nimezihifadhi kwenye buti. Fundi, Mvuvi, na kaka wa Chumbageni, Mungu awalipe kheri. Baba, ukipita Sahare uulize nyumba yenye mwembe, kapu lako la machungwa lipo barazani.