Lisbon pamoja na mama na watoto: twende wapi?

Kutoka: dada wa Leicester

Assalam aleikum ndugu zangu. Agosti tunakwenda Lisbon, mimi, watoto wawili na mama yangu tunayeishi naye hapa. Nimeandika Sintra, Évora, Cascais, Belém, ile tramu 28 na Óbidos, yote ndani ya juma moja. Mama magoti yanamsumbua. Walioko huko naomba mnisaidie kupanga.

Kutoka: ndugu wa Amadora

Waaleikum salaam dada, karibuni sana. Mfikishie mama shikamoo yangu.

Orodha hiyo itamchosha mama kabla juma halijafika katikati. Lisbon ni mji wa vilima, na njia za miguu zimetandazwa vijiwe vyeupe vinavyoteleza hata siku ya jua. Kila siku wekeni safari moja, mtoke asubuhi, saa za jua kali mama awe kivulini. Évora iondoe kabisa. Ni mji mzuri, una hekalu la Warumi na kanisa dogo ambalo kuta zake zimejengewa mifupa ya watu, lakini Agosti joto la Alentejo, mkoa ulioko mji huo, linaweza kupita nyuzi 40. Óbidos nayo iache.

Kabla ya chochote, itazame Jumatatu. Siku hiyo makumbusho mengi ya hapa hufungwa, na Monasteri ya Jerónimos, kule Belém, pia. Majumba ya Sintra hayafungwi, kwa hiyo wageni wote waliokosa pa kwenda mjini hukimbilia huko. Jumatatu wapelekeni watoto Oceanário, nyumba ya samaki na viumbe wa baharini kule Parque das Nações. Au pandeni treni ya Cascais pale stesheni ya Cais do Sodré, mwendo wa kama dakika 40 kando ya maji, na ufukwe uko karibu na stesheni. Mwambie mama mapema kwamba bahari ya huku ni baridi hata Agosti, asitegemee maji ya Tanga.

Sintra nendeni katikati ya juma kwa treni ya asubuhi kutoka stesheni ya Rossio. Tiketi ya Jumba la Pena inunuliwe mtandaoni, nayo ina saa maalumu. Saa hiyo ni ya mlango wa jumba lenyewe, si ya geti la bustani, na toka getini hadi mlangoni ni kupanda mlima kwa karibu nusu saa. Kuna basi dogo la kulipia linalopandisha watu. Mama apande hilo. Kutoka stesheni mpaka getini mtachukua basi 434. Mkishatoka Pena, siku hiyo imetosha.

Sasa nije kwenye jambo ninaloliomba kwa kila Mswahili anayekuja huku, na ambalo silioni kwenye orodha yako. Nendeni Museu Nacional de Arte Antiga, makumbusho ya taifa ya sanaa za kale, mkaione dhahabu ya Kilwa. Ni monstransi, chombo ambacho mapadri Wakatoliki huonyeshea Ekaristi, yaani mkate wao mtakatifu, na watu wa hapa wanaiita Custódia de Belém. Mwaka 1502 Vasco da Gama alifika Kilwa na merikebu za vita, akamlazimisha sultani kulipa kodi ya dhahabu. Mfalme Manuel wa Kwanza wa Ureno akaagiza dhahabu hiyo ifanyiwe kazi, na chombo kikakamilika mwaka 1506. Maandishi ya kwenye kitako yanasema wazi kwamba ni dhahabu ya kodi ya Kilwa. Wakati fundi anaimalizia, Kilwa yenyewe ilikuwa imeshavamiwa na kuporwa na kamanda wa Kireno Francisco de Almeida, mwaka 1505.

Wasimulieni watoto habari hii kabla hawajaingia ukumbini. Wageni wengi hupita hapo wakitazama nakshi tu, jina la Kilwa haliwaambii kitu. Nyinyi mtakuwa mnalijua. Tazameni kwanza tovuti ya makumbusho, maana kumbi nyingine hufungwa kwa matengenezo.

Siku hiyohiyo mnaweza kuendelea hadi Jerónimos, alikozikwa huyo Vasco da Gama. Kaburi lake liko karibu na mlango wa kanisa. Foleni ndefu ni ya ua wa ndani wa monasteri, kanisani hakuna kiingilio. Kwenda makumbusho msitumie tramu 15, kwa sababu kituo chake cha makumbusho kiko chini barabarani na ngazi zinabaki zenu. Basi 714 linasimama juu, Rua das Janelas Verdes, kisha linakwenda hadi Belém.

Kutoka: kaka wa Bristol

Dada, kabla ya tramu kuna viza. Kama mama anatumia pasi ya Tanzania, kibali cha kuishi Uingereza hakimruhusu kuingia eneo la Schengen, yaani nchi za Ulaya zinazotumia viza moja, Ureno ikiwemo. Ada ya viza ni yuro 90 kwa mtu mzima na 45 kwa mtoto wa miaka 6 hadi 11. Maombi hupokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari. Tafuteni nafasi ya miadi leo, maana miadi ya kiangazi hugombaniwa.

Kutoka: dada wa Leicester

Ahsanteni mno. Sisi watatu tuna pasi za Uingereza, ni mama tu, nitalishughulikia kesho. Dhahabu ya Kilwa sikuwahi kuisikia, na mama nilipomsomea amesema Évora na ianguke, dhahabu hiyo haiachi. Je, swala ya Ijumaa na chakula cha halali? Na tramu 28?

Kutoka: ndugu wa Amadora

Msikiti Mkuu uko karibu na Praça de Espanha, metro inafika. Chakula tafuteni Martim Moniz, mtaa wa Rua do Benformoso, Wabangladeshi wamefungua migahawa pale. Tramu 28 Agosti hujaa mpaka mlangoni na wachomozi wanaijua vizuri. Mama hatapata kiti. Badala yake vukeni mto jioni kwa feri ya Cacilhas kutoka Cais do Sodré. Mtauona mji wote mkiwa mmekaa, na nauli ni ndogo. Kila mtu awe na kadi yake ya nauli, kadi moja hairuhusiwi kwa watu wawili kwa safari moja.