Nenosiri la Wi-Fi linasomeka wazi ndani ya kompyuta: ni kosa?

Msimamizi wa maabara:
Habari zenu, ndugu wanajukwaa. Ninasimamia maabara ya shule ya sekondari yenye kompyuta za Windows na za Debian (aina ya mfumo wa Linux). Jana, nilipokuwa natafuta sababu ya kompyuta moja kushindwa kuunganishwa, nilifungua folda ya /etc/NetworkManager/system-connections nikakuta nenosiri la Wi-Fi ya walimu likisomeka herufi kwa herufi. Nimeshtuka sana. Je, hili ni kosa la Debian, na zile za Windows ziko salama zaidi? Kompyuta mbili kati ya hizi zitakabidhiwa shule jirani mwezi huu.

Fundi mitandao:
Ndugu msimamizi, si kosa. Nenosiri la kuingilia kompyuta huhakikiwa na kompyuta yenyewe, kwa hiyo inatosha itunze alama yake ya kihesabu (hash) tu, ambayo haiwezi kugeuzwa kuwa nenosiri lenyewe. Kwenye Wi-Fi mambo yamegeuka: kompyuta ndiyo inayobisha hodi kwa ruta, na haiwezi kuthibitisha kwamba inalijua nenosiri ambalo haikulitunza. Faili uliyoiona ni mali ya root (akaunti kuu ya usimamizi) na ina ruhusa ya 600, yaani mwenye faili pekee ndiye anayeweza kuisoma na kuiandika. Bila shaka uliifungua kwa sudo (amri ya kutumia haki za root), kwani mwanafunzi mwenye akaunti ya kawaida angekataliwa.

Windows nayo hutunza faili za XML ndani ya C:\ProgramData\Microsoft\Wlansvc, na nenosiri lililomo limesimbwa, yaani limefichwa kwa ufunguo. Lakini ufunguo wa kulisimbua unatunzwa na Windows hiyo hiyo, ndiyo maana yeyote mwenye haki za msimamizi akiandika netsh wlan show profile name="Walimu" key=clear ataliona bila taabu. Kwa hiyo, tafadhali, wanafunzi wasipewe akaunti za usimamizi.

Mchangiaji wa tatu:
Katika WPA2 (mfumo wa usalama wa Wi-Fi) unaweza kuandika kwenye faili, badala ya nenosiri, ufunguo wa tarakimu 64 unaotokana na nenosiri pamoja na jina la mtandao baada ya mizunguko 4096 ya ukokotoaji. Je, hilo halitoshi?

Fundi mitandao:
Linasaidia kidogo, hasa kama nenosiri hilo hilo linatumika mahali pengine, jambo ambalo halifai. Hata hivyo, atakayeupata ufunguo huo ataingia kwenye mtandao wenu sawasawa na mwenye nenosiri. Hatari ninayoihofia zaidi ni diski kutolewa na kuchomekwa kwenye kompyuta nyingine, kwa sababu hapo ruhusa ya 600 haimzuii mtu. Kinachomzuia ni kusimba diski nzima, kwa LUKS upande wa Debian au BitLocker upande wa Windows.

Msimamizi wa maabara:
Nashukuru sana. Basi kompyuta mbili zinazoondoka nitazifuta diski zake kabisa na kuweka mfumo upya, kisha nibadilishe nenosiri kwenye ruta siku hiyo hiyo.