Nina miezi 9 sijagusa pombe, Desemba napanda Kibosho na watu niliokula michango yao wote watakuwepo

Fundi_wa_Ovaroli

Wakuu habari za jioni, wakubwa shikamooni. Naomba mnisome mpaka mwisho maana hapa nilipo sina mtu wa kumuuliza.

Mimi ni fundi magari, miaka 37, naishi Dar ila nyumbani Kibosho, Kilimanjaro. Leo nina miezi 9 na siku kadhaa sijagusa pombe ya aina yoyote. Nilianza kama wengine tu, bia mbili baada ya kazi, baadaye viroba, ile pombe kali ya kwenye vipakiti, nilikuwa natembea navyo kwenye mfuko wa ovaroli, vilivyopigwa marufuku ile Machi 2017 nikajua ndo nimepona kumbe nimehamia mzinga mdogo, ile chupa ndogo ya pombe kali, mpaka ikafika hatua asubuhi siwezi kushika spana mkono unatetemeka hadi nizimue kwanza. Sitaki kuelezea yote. Nilikaa soba hausi, nyumba ya kusaidia watu kuacha ulevi, miezi 4, nilivyotoka nikahamia gereji nyingine upande mwingine wa mji ambako hakuna anayenijua, na toka hapo maisha yangu ni gereji, chumbani, kanisani Jumapili, basi.

Sasa shida yenyewe. Mtoto wa kaka yangu alipata kipaimara mwezi wa nane ila sherehe ikasogezwa Desemba ili watu wote wawe wamepanda. Mimi ndo baba yake mdogo, sina namna ya kukosa. Na mnajua Desemba ya kwetu ilivyo, ndizi zinachemshwa siku kadhaa kabla, ulezi unasagwa, ukipita njiani tu harufu ya mbege, pombe yetu ya ndizi na ulezi, inakufuata migombani, halafu wazee wanakaa kata, kile kibuyu cha kunywea, inazunguka. Kukataa kata ya mzee siyo kama kukataa bia baa, ni kama umekataa undugu. Hilo moja.

La pili ndo linaninyima usingizi. Mwaka juzi nilikuwa mweka hazina wa kikao cha harusi ya rafiki yangu, nimesoma naye toka darasa la kwanza. Vikao tulikuwa tunafanyia baa kila Jumapili jioni kama vikao vingi vya mjini, watu wanatoa mchango hapo hapo mezani mimi naandika kwenye daftari, wengine wanatuma kwenye simu yangu. Nikaanza kuchomoa humo elfu 10, elfu 20, najiambia Ijumaa narudisha. Wiki mbili kabla ya harusi ilikuwa imepungua 640,000. Sikumwambia mtu, nikazima simu. Nasikia wajumbe walijichanga upya kumalizia hela ya chakula. Harusini sikwenda. Na wale wajumbe karibu wote ni watu wa kwetu, Desemba wote watakuwa juu, na kihamba, yaani shamba la ukoo, cha kina bwana harusi kimepakana na chetu.

Mkononi nina laki 3. Niende? Nikipewa kata niseme nini? Na hawa wa kikao nianzie wapi?

Kijana_Mpole

Mkuu mwaka huu usiende. Tuma zawadi ya dogo, sema kazi zimebana. Miezi 9 bado michanga sana usiipeleke kwenye mbege. Mwakani ipo.

Meku_wa_Rombo

Marahaba kijana wangu.

Mimi ni wa Rombo, niliacha 2011 nikiwa na miaka 46, kwa hiyo hayo ya kata nayajua vizuri. Kijana hapo juu ana nia njema lakini simuungi mkono. Usipoenda watasema unaumwa au umefungwa, na wewe utakaa chumbani Dar sikukuu nzima peke yako, mimi siku za namna hiyo ndo zilikuwa zinaniangusha kuliko sherehe.

Ila usifanye nilichofanya mimi. Krismasi ya kwanza nilisema nipo kwenye dozi ya taifodi. Wote wakaniacha, nikaona nimeshinda. Pasaka wakaniuliza dozi imeisha? Nikasema nina vidonda vya tumbo. Mwisho nilikuwa na magonjwa mengi kuliko hospitali ya wilaya na kila mtu ananiletea mti shamba, na mama yangu mzazi, Mungu amrehemu, akaanza kulia kimya kimya akiamini nina ugonjwa mkubwa nawaficha. Hilo mpaka leo linaniuma. Nilimtesa mama kwa uongo baada ya kumtesa kwa ulevi.

Kwetu kata haizunguki yenyewe, kuna mtu anagawa. Mjue mwaka huu ni nani, nenda kwake siku mbili tatu kabla ya sherehe, asubuhi, akiwa hajaonja, mpelekee sukari na majani ya chai, mwamkie, mwambie baba mimi pombe ilitaka kuniua nimeiacha, siku ya sherehe naomba unisaidie. Usimpe hotuba. Mimi nilimwendea baba yangu mkubwa hivyo hivyo, akakaa kimya muda mrefu nikajua nimeharibu, halafu siku ya siku kata ilipofika kwangu akasema kwa sauti huyu mpeni mtori, ile supu ya ndizi, wa kwake ni mtori. Hakuna aliyeuliza. Tangu siku hiyo wadogo zangu wakiniona tu wanasema mtori wa kaka uko wapi.

Na usikae kwenye mabenchi. Shika kazi, kama ni nyama, kama ni kupokea wageni kwa gari, mtu mwenye kazi hasumbuliwi. Ikifika saa moja jioni aga ukalale.

Nesi_Zamu_ya_Usiku

Hongera sana kaka kwa hiyo miezi 9, siyo kidogo.

Mimi naongea kama muuguzi. Mwili wako sasa hivi haujui tena kiasi ulichokuwa unakunywa zamani. Mtu aliyekaa miezi mingi bila pombe akirudi kwa kipimo chake cha zamani anaweza kupoteza fahamu, akatapika akapaliwa na matapishi akafa, na wenzake wanajua amelala tu. Kwa hiyo ikitokea umeteleza usiseme nimeshaharibu acha nimalizie, simama kwenye hilo hilo glasi moja umpigie mtu.

Na kwa wengine mnaosoma ambao bado mnakunywa kila siku na mnataka kuacha kwa ajili ya sikukuu, msikate ghafla mkiwa peke yenu nyumbani. Kutetemeka kunaanza siku ya kwanza, degedege mara nyingi ndani ya siku mbili za mwanzo, kuchanganyikiwa na kuona vitu visivyokuwepo siku ya pili mpaka ya nne, na hapo mtu anakufa kweli. Nendeni hospitali mkasimamiwe, kuna dawa za kutuliza na vitamini B1 mtapewa.

Kingine naomba niseme maana nakiona sana. Kaka waambie nyumbani mtu asikuwekee kitu kwenye chai. Kuna familia zinanunua dawa inayomfanya mtu aumwe akinywa pombe, disulfiramu, wanamwekea kimya kimya. Ile dawa mtu anatakiwa ajue anaitumia. Asipojua akanywa, moyo unakwenda mbio, presha inashuka, tumeshaletewa watu hali mbaya na mama mtu yupo pembeni hajui aseme nini.

Halafu togwa. Utaambiwa hii haina kilevi ni togwa tu. Ikiwa imelala siku mbili tatu tayari imeanza kuchacha. Kunywa soda.

Fundi_wa_Ovaroli

Dada nesi asante, hilo la chai limenishtua maana mama aliwahi kuniambia kuna dawa ya unga ameelekezwa na jirani. Nitampigia leo leo.

Mzee wangu nimesoma ya kwako mara tatu. Anayegawa ni baba mdogo na mimi ndo nilimwangushia pikipiki yake 2021 nikiwa nimelewa. Ila nitakwenda.

Mama_wa_Wawili

Kaka mimi sikunywa mimi, aliyekunywa ni mume wangu, ana miaka 3 sasa toka aache. Nataka nikuambie ya upande wetu maana mkiacha huwa mnategemea sisi tufurahi siku hiyo hiyo.

Mwaka mzima nilikuwa namnusa. Akiingia naenda kumpokea mfuko kumbe nataka nisogee puani. Akichelewa dakika 20 naona mikono inaniwia baridi. Alikuwa anakasirika sana, anasema mbona huniamini wakati naacha kwa ajili yenu, na mimi nakosa cha kumjibu kwa sababu ni kweli ameacha na ni kweli siamini, yote mawili. Kilichotusaidia aliacha kuniambia niamini. Akawa anafanya tu. Akisema narudi saa kumi na mbili, anarudi saa kumi na mbili. Hela ya ada anailipa mwenyewe shuleni ananiletea risiti bila kuombwa. Siku moja nikajikuta amerudi usiku na sijanusa, nimekumbuka kesho yake asubuhi.

Kwa hiyo huko Kibosho watu watakunusa. Watakutazama kwenye glasi. Watoto watakuwa wametumwa waje waangalie unakunywa nini. Wavumilie kaka yangu, usiwakasirikie, ni woga tu, uliwaumiza na bado wanakupenda.

Msee_wa_Thika

Salamu kutoka Kenya. Mimi nilikuwa wa bia ya kegi nikamalizia kwa chang'aa, ile pombe kali ya kienyeji, sasa niko mwaka wa 5 kavu, naenda mikutano ya AA, chama cha walevi wanaosaidiana kuacha pombe, kila wiki. Nimeona watu wamekujibu ya mbege, wacha mimi niguse hiyo deni maana naona hiyo ndiyo mzigo wenyewe.

AA ilianza Marekani mwaka wa 1935 na ina zile hatua 12. Ya 8 unaandika majina ya watu wote uliowakosea. Ya 9 unaenda kutengeneza nao moja kwa moja pale inawezekana, isipokuwa kama kufanya hivyo kutawaumiza wao au wengine. Watu wengi hushika ile sehemu ya kwanza wanasahau hiyo ya mwisho. Mimi nilimfuata jamaa niliyemkosea pesa mpaka kwa ruracio, sherehe ya mahari, ya dadake, nikapiga magoti mbele ya watu nikilia, nikadhani nimefanya kitu ya maana sana. Nilimharibia siku. Alikuja kuniambia baadaye hakutaka machozi yangu, alitaka pesa yake na heshima yake.

So usingoje Desemba ndugu. Usiende kuombea msamaha kwa sherehe ya mtoto, na usipeleke hiyo laki 3 mfukoni ukingoja nafasi nzuri, nafasi nzuri haiko na hiyo pesa inaweza kukupeleka kwingine. Piga simu sasa. Anza na mwenyekiti wa hiyo kikao, taja kiasi yote, 640, usipunguze hata shilingi, sema uko na 300 leo na ingine utalipa lini. Halafu nyamaza. Asipokusamehe pia ni sawa, deni unalipa tu.

Kijana_Mpole

Nimesoma wote, nafuta ushauri wangu. Mkuu nenda.

Fundi_wa_Ovaroli

Wakuu nimerudi, samahani kwa kukaa kimya wiki mbili.

Mama nimeongea naye, unga ule ameutupa chooni, amelia, na mimi nimelia.

Mwenyekiti nilimpigia Jumanne usiku. Nilishika simu saa nzima kabla ya kubonyeza. Nikamwambia kama ndugu wa Thika alivyosema, 640,000 nililewea, nina laki 3 nakutumia sasa hivi, nyingine laki na elfu 70 mwisho wa Januari na laki na elfu 70 mwisho wa Februari. Akanyamaza. Akasema tulijua. Akasema siku ya harusi bwana harusi alikataa wasiondoe kiti changu meza ya mbele, kikakaa kitupu mpaka saa tano usiku. Hapo nilishindwa kuongea nikakata simu, nikamtumia hela na daftari nililipiga picha ukurasa kwa ukurasa maana lile daftari ninalo mpaka leo.

Bwana harusi mwenyewe sijamtafuta, nilikuwa bado najipanga. Jana asubuhi nipo chini ya gari naona meseji yake. Hakuna salamu, hakuna kikao, hakuna harusi. Ameandika anapanda tarehe 20, gari lake linagonga mbele kushoto akipita kwenye makorongo, kama nitakuwa nyumbani nije na vifaa nimwangalizie. Nimemjibu nakuja na jeki.