Ziara ya siku moja Bagamoyo: tumelipia historia, tumepigwa changa la macho

Ndugu zangu, salaam. Kampuni moja inayoandaa safari za ndani, ambayo sitaitaja jina kwa kuwa madai yangu bado yako mezani kwao, ilitangaza ziara ya Bagamoyo ya kwenda na kurudi kwa familia. Tangazo lilisema tutatembezwa magofu ya Kaole, makumbusho ya misheni, Caravan Serai (kituo cha zamani cha misafara), Boma la Wajerumani na mahali walipokuwa wakinyongwa watu enzi za Mjerumani, na kwamba viingilio pamoja na chakula cha mchana vimo ndani ya bei. Nililipia mimi, mke wangu, mama yangu mzazi na watoto, kwa sababu nilitaka wanangu wauone mji ambao hadi mwaka 1891 ulikuwa makao makuu ya utawala wa Kijerumani katika nchi hii.

Gari lililopaswa kuondoka Mwenge, Dar es Salaam, saa 12 asubuhi liliondoka saa 3 na robo, dereva akisubiri viti vijae, na baada ya hapo foleni ya Tegeta na Bunju ikamalizia kazi. Hilo tumelizoea na silifungulii uzi.

Kilichoniudhi kilianzia Kaole. Pale mlangoni alikuwepo mwongozaji wa eneo lenyewe, mtu mzima aliyekwisha kujitambulisha na kuanza kumweleza mama jinsi mikoko ilivyoifunga bandari ya zamani hadi watu wakahamia Bagamoyo. Kijana wa kampuni akamkatisha mbele yetu kwa kumwambia kwamba sisi tuna mtu wetu. Baadaye nilielewa sababu: mwongozaji wa eneo angepaswa kulipwa, na kampuni ilikwisha kuamua fedha hiyo ibaki mfukoni mwake. Viingilio navyo, ambavyo tuliambiwa vimelipwa, tulidaiwa upya pale pale dirishani, tukalipa ili tusiwaaibishe watoto.

Huyo "mtu wetu" alitupa dakika chache kwenye msikiti wa karne ya 13, hakuonyesha hata kibla, kisha akawaita vijana wakapige picha. Walipanda juu ya makaburi, yale yenye nguzo ambazo zamani zilipambwa kwa bakuli za Kichina, mmoja akakanyaga ukingo wa matumbawe mpaka chokaa ikamomonyoka na kudondoka kwenye majani. Kijana wa kampuni ndiye aliyekuwa ameshika simu akiwapanga. Mama yangu alikuwa amesimama hatua chache kutoka hapo akiwasomea Fatiha marehemu. Ikumbukwe kwamba Kaole si magofu tu. Kwenye kaburi la Sharifa watu huenda kuomba dua hadi leo.

Misheni ndiko nilikochoka kabisa. Kwenye ule mbuyu mkubwa unaosemekana kupandwa mwaka 1868, walipofika Mapadre wa Roho Mtakatifu, kuna kipande cha mnyororo kilichomezwa na shina. Wenyeji wa pale husimulia kwamba mwanamke mmoja Mfaransa alikuwa akimfungia punda wake hapo. Kijana wetu akatangaza kwa sauti ya huzuni kwamba ndipo walipofungwa watumwa, watu wakaanza kufuta machozi. Akaendelea kusema Livingstone, yule mmisionari na mpelelezi, amezikwa Bagamoyo, ilhali mwili wake, uliobebwa na wahudumu wake akina Chuma na Susi kutoka nchi ambayo sasa ni Zambia, ulipumzishwa tu pale misheni Februari 1874, ukavushwa Zanzibar na hatimaye kuzikwa Westminster Abbey, London. Akadai pia kwamba Abushiri, aliyeongoza vita vya watu wa pwani dhidi ya Wajerumani, alinyongwa Bagamoyo, wakati kila mwanafunzi aliyesoma vita vile anajua kwamba alinyongwa Pangani, Desemba 1889.

Nilimvuta pembeni na kumsahihisha kwa adabu. Jibu lake lilikuwa, "Mzee, wageni wanapenda stori inayochoma." Kana kwamba utumwa wa Bagamoyo, mji ambao misafara ya pembe na watu ilimalizia safari yake ndefu kutoka bara, unahitaji kuongezewa chumvi ndipo uchome! Makumbusho yenyewe, ambayo yangemsahihisha kwa nusu saa tu ya kusoma, hatukuingia. Tulikimbizwa hoteli ya ufukweni, tukakaa tangu saa 7 hadi saa 10 jioni huku muziki ukipigwa na kila soda ikitozwa kando. Caravan Serai na Boma tuliviona kupitia dirisha la gari, na mahali pa kunyongea hatukupaona kabisa.

Nimewaandikia nikidai nirudishiwe viingilio nilivyolipa mara mbili, pamoja na sehemu ya nauli inayolingana na maeneo yaliyorukwa. Wamenijibu kwamba "ratiba inaweza kubadilika" na kunipa punguzo la safari ijayo, punguzo ambalo nimelikataa. Stakabadhi zote ninazo, na tangazo lao la awali nimelihifadhi kabla hawajalifuta. Mwenye uzoefu wa kupeleka madai ya namna hii hadi yakalipwa naomba anielekeze nianzie wapi, na mwenye namba ya mwongozaji wa Bagamoyo mwenye kibali anitumie faraghani, kwa sababu wanangu nitawarudisha Kaole kwa basi la kawaida.