Tubomoe nyumba za watu ili gari la faya lipite? Tuongee hili

Hivi jamani, naomba tujadili bila kutukanana. Moto ukitokea mtaa wa vichochoro wimbo ni uleule, njia nyembamba, gari la faya limekwama, bomoeni wapanue. Mi siamini dawa ni bomoabomoa.

Gari la kawaida la zimamoto lina upana wa kama mita 2.5, ukihesabu na vioo linakaribia 3. Ila kupita tu haitoshi, wale jamaa wakifika lazima wafungue milango, wavute mipira, na lile la ngazi ndo kabisa linatoa miguu pembeni lisipinduke. Ndo maana kanuni nyingi za Marekani zinataka mita 6.1 zisizo na kizuizi, na njia isiyotokea ikizidi mita 45 hivi iwe na pa kugeuzia. Zisizo na kizuizi, hapo ndo pa kusoma mara mbili. Barabara ya mita 8 watu wakipaki huku na huku inabaki 4, kwenye ramani pana, usiku wa moto kichochoro.

Nimeliona hili kwa macho yangu. Njia malori mawili yanapishana, ila wakazi walifunga geti sababu ya wezi. Faya wamefika, king'ora kinalia, mlinzi anajaribu funguo moja baada ya nyingine mikono inamtetemeka, kumbe wa geti lile kaondoka nao mtu wa kamati na kasafiri, ikabidi kufuli likatwe kwa mkasi wa chuma. Na chumba chenye makochi ya sponji kinaweza kuwaka chote chini ya dakika 5, piga hesabu mwenyewe. Pale ungebomoa nyumba ya nani?

Japani sheria yao ya ujenzi ya 1950 inataka kiwanja kiguse barabara ya angalau mita 4. Mitaa ya zamani hawakuivamia na kijiko cha kubomolea, siku mwenyewe anajenga upya ndo anarudi nyuma mita 2 toka katikati ya njia. Nyumba moja moja mtaa unapanuka, na huku nyuma vikosi vya kujitolea vina pampu ndogo za kubebwa.

—

Mkuu umeongea vizuri ila umeruka kitu. Barabara si ya faya kuingia tu, ni ya watu kutoka. Ule moto wa 2018 uliomaliza mji wa Paradise kule California uliua watu 85, barabara za kutokea zilifunga foleni mpaka wengine wakaacha magari wakakimbia kwa miguu. Moto wa Oakland 1991, hukohuko California, hivyohivyo, njia za mlimani nyembamba zenye kona kona, watu 25. Hapo pampu ya kubeba ingemsaidia nani? Na huyo Mjapani wako toka 1950 mpaka leo vichochoro bado vipo kibao Tokyo, sasa sisi mji unajaa kila siku tusubiri mzee wa watu ajisikie kujenga upya?

—

Mnagombania upana, mi nauliza maji yako wapi. Nimevuta hiyo mipira miaka kadhaa, nawaambia gari lenye tenki la lita 3,000, bomba likitema lita 500 kwa dakika, mmebakiwa na dakika 6 halafu mnaanza kutazamana huku wananchi wanawarushia maneno kwamba mmekuja bila maji. Haidranti, lile bomba la mtaani ambalo faya wanaunganisha mipira wapate maji, ikifukiwa chini ya kibanda cha mtu ni sawa na hamna. Na hata ikiwepo viungio viwe vya saizi moja mji mzima na miji jirani, moto mkubwa wa Baltimore, Marekani, 1904 miji mingine ilileta msaada wa magari, mipira yao ikagoma kushika kwenye haidranti za Baltimore. Barabara ilikuwepo!

—

Mimi mwanzisha mada nimerudi. Wa Paradise nakukubalia nusu, viwanja vipya vinavyopimwa sasa visiuzwe bila njia mbili za kutokea, na hifadhi ya barabara iwekewe mawe kabla mtu hajamwaga tofali. Hilo wala halina ubishi, ni rahisi kuliko kuja kulipa fidia baadaye. Ila mtaa uliokwisha kujengwa sitoki nilipo, anza na haidranti kama alivyosema wa mipira, kataza kupaki upande mmoja, toa vibanda kwenye kona maana gari refu linashindwa kukata kona hata kama njia yenyewe ni pana, ukimaliza hayo yote na bado halipiti ndo uje na kijiko, na uje na hela ya fidia mkononi sio ahadi.

Aliyeniuliza inbox kuhusu lile geti, bado lipo. Walinunua kufuli kubwa zaidi.