Naomba ushauri: waya wa kufumia mikufu ya vipete, nipo Kigoma

Ndugu wanakikundi, nawasalimu kutoka Kigoma. Ninajifunza kutengeneza bangili na mikufu kwa kufuma vipete vya waya, na nimekwama kwenye malighafi. Nilianza na waya wa kufungia nondo, ukashika kutu na kuchafua mkono. Kisha nikachuna waya wa umeme wa milimita mraba 1.5, ule mzima usio wa nyuzi, ambao shaba yake ina unene wa karibu milimita 1.4, nikaizungushia kwenye msumari wa milimita 5 na kuikata kwa koleo. Uwiano wa upana wa tundu la kipete kwa unene wa waya, karibu 3.6, unafaa kwa Bizanti, mtindo mmojawapo wa kufuma vipete, na mkufu ulipendeza kwelikweli. Lakini shaba ni laini mno, vipete hufunguka vikivutwa, na koleo huacha ncha kali zisizokutana. Kuuvuta waya ili ukakamae kabla ya kuukunja kumesaidia kidogo tu.

Je, hapa Kigoma au Tabora, ni maduka ya aina gani huuza waya usioshika kutu wa milimita 1 hadi 1.2 kwa mita, au ni lazima niagize Kariakoo? Na je, msumeno wa sonara utaondoa zile ncha, au bado nitahitaji tupa?

Natanguliza shukrani.